Mashimo Yaliyopakwa Majivu

Buruburu, Nairobi
27 Aprili 1986

Dada Nangila,

Pokea mkono wangu wa salamu, kisha umpe mama mkono wake. Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kifuani. Kiuno changu unakijua, kilibaki Soko la Burma miaka ile nilipokuwa nikibeba nusu za ng'ombe mabegani. Mama anaendeleaje na kikohozi? Lile blanketi nililompa Andati alilete, lilifika, au analala nalo yeye? Na nyumba yangu imeipokeaje mvua hii? Usisahau kunijibu la nyumba. Huku nalala katika chumba cha nyuma ambacho si changu. Ile ya udongo hapo kwa baba ndiyo nyumba pekee niliyo nayo.

Nashukuru kwamba tangu shemeji afariki umerudi kukaa na mama. Naomba msamaha kwamba sijaandika tangu Krismasi. Sababu ni nyasi.

Najua utacheka. Hapa kwa Mzee Johnson ninapofanya kazi kuna kiwanja cha nyasi mbele ya nyumba, hatua kumi na nane kwa kumi na mbili. Kazi yangu ni kukikata na kukifagia. Sasa mvua imekigeuza tope. Ukikanyaga, mguu unatoka na gambuti inabaki. Mzee mwenyewe ni mtu wa kimya, lakini mke wake, ambaye huitwa Mama Wangu kwa jina la binti yake, alisimama mlangoni akaniuliza, "Laban, hii ni nyasi ama ni dimbwi?"

Nikasema, "Ni nyasi, mama. Imefunikwa tu."

"Basi ifunue. Wakwe wa Wangu wanakuja tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane, na hawatakaa barabarani kama watu wanaongojea basi. Siku hiyo ikifika hapa pakiwa hivi, nitatafuta mtu anayejua nyasi. Na hicho chumba cha nyuma atalala yeye."

Wangu ni binti yao wa kwanza. Upande wa mwanamume unakuja kuzungumza mambo ya mahari, na kwa hawa watu hiyo si siku ndogo. Kwa hiyo mimi na nyasi tuna hadi Agosti.

Nimejaribu. Nilimwaga mchanga madebe kumi, ardhi ikaumeza na kuniangalia. Huu udongo mweusi wa huku si kama wa kwetu. Ukiwa mkavu unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono, na ukilowa unanata kama uji wa wimbi. Nikauchoma kwa jembe la meno ili maji yazame, na kila tundu likawa kikombe kilichojaa. Jirani wa upande wa juu, Maingi, fundi wa mawe, hupita akichungulia ukutani. "Laban, niaje? Samaki wameanza kushika?" Yeye anataka tumwage simiti kila mahali, kwa sababu mwagaji atakuwa yeye.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua kuliko matusi yake. Mvua ilikatika siku nne, na maji hayakwenda. Tena yamekaa upande wa juu. Kiwanja kinateremka kuelekea geti, na getini kuna unafuu. Juu, karibu na ukuta wa Maingi, ndiko kubaya. Tangu nizaliwe nimeona maji yakienda chini. Haya yanatafuta nini juu?

Mbegu zako za mboga, mrenda na saga, zimestawi ajabu. Nilizipanda kandokando ya ukuta huo huo wa juu. Palikuwa na shimo refu lisilo na kazi, nikalijaza udongo mwezi wa pili na kupanda. Mama Wangu anafikiri ni magugu, nami sijamwambia tofauti.

Ni mimi ndugu yako,
Laban Nalianya


Kamukuywa
18 Mei 1986

Ndugu yangu Laban,

Salamu zako zilitukuta hai, na blanketi lilifika likiwa na harufu ya sigara za Andati. Mama amelifua mara mbili. Kikohozi kimepungua, anatoka hadi kwa kuku. Mahindi yamefika magotini. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, hatukufurahi sana.

Barua yako nilimsomea mama. Aliuliza, "Hiyo nyasi ng'ombe wao wangapi wanaila?" Nikamwambia hawana ng'ombe, ni ya kuangalia. Kisha akasema nikuulize kama hao watu wanakupa chakula cha kutosha.

Mimi nina maswali mengine, na uyajibu moja moja, si kama kawaida yako ya kuruka. Hayo maji ni ya rangi gani? Yana povu la sabuni? Asubuhi huwa mengi kuliko jioni? Juu ya ukuta wa Maingi kuna nini, na juu ya hapo kuna nini? Na hilo shimo refu ulilolijaza, lilikuwa refu kiasi gani, na lilianzia wapi na kuishia wapi?

Fanya hivi. Chimba mashimo matatu kwa mstari kutoka ukutani hadi getini. Yawe ya kina cha mkono hadi kiwiko. Kausha kuta zake kwa gunia, kisha zipake majivu pande zote mpaka ziwe nyeupe. Funika kwa mabati ili maji ya mvua yasiingie kwa juu. Kesho yake funua. Usiangalie tu kama kuna maji, kwa sababu hilo litakuambia kwamba pamelowa, nawe unalijua tayari. Angalia majivu. Upande yalikooshwa ndiko maji yanakoingilia. Maji hayana mdomo lakini yakipita kwenye majivu yanaacha njia.

Usiache kuandika. Nataka kujua kilichotokea.

Dada yako,
Nangila


Buruburu
15 Juni 1986

Dada Nangila,

Nafurahi kikohozi cha mama kimepungua. Huku baridi ya mwezi wa sita imeingia, na Mzee Johnson amenipa koti lake la zamani. Linanifika magotini. Maingi ananiita Askofu.

Ngoja nikueleze, maana nimeshindwa kungojea Jumapili nyingine. Nilichimba Jumamosi ya wiki iliyopita, wenye nyumba wakiwa arusini. Majivu niliomba kwa mama mmoja anayechoma mahindi stendi, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya kupaka shimo. Akanipa bure na kuniombea.

Bahati mbaya walirudi mapema. Mama Wangu alishuka garini na viatu vyake vya arusi, akaona mashimo matatu meupe kwa mstari, akasimama.

"Laban. Unamzika nani?"

"Natafuta maji, mama."

"Unatafuta maji? Hapa?" Akamwita mume wake. "Baba Wangu, kuja uone. Ana dimbwi zima na bado anatafuta maji!"

Mzee alikuja, akainama, akatazama majivu. Akauliza kwa nini nimepaka. Nikamweleza kama ulivyonieleza. Akasema, "Funika. Kesho uniite tuangalie." Dada, ni mara ya kwanza katika miaka mitatu mzee huyo kuniambia maneno zaidi ya manne.

Asubuhi tulifunua pamoja, kabla hajaenda kanisani. Shimo la getini lilikuwa kavu, majivu yote yamekaa kama nilivyoyapaka. La katikati lilikuwa na maji ya kidole kimoja. La juu lilijaa nusu, na upande wa ukuta majivu yalikuwa yameoshwa kwa mistari minne, kama mtu aliyepitisha vidole. Upande mwingine wote ulikuwa mweupe. Mzee alichuchumaa pale na suti yake. Akasema, "Yanatoka juu." Nikasema, "Yanatoka juu." Tukatazamana kama watoto.

Maji ni safi, hayana povu. Asubuhi na jioni ni sawa. Juu ya ukuta ni kwa Maingi, na juu ya Maingi ni mlima mdogo wa nyumba nyingine, safu tatu.

Basi nikajua ni bomba la Maingi linavuja. Nilikwenda kumwambia, na tulizozana ukutani mpaka watu wakafungua madirisha. Lakini Maingi ni mtu wa haki. Alifunga maji yake siku mbili nzima, mke wake akawa anachota kwa jirani huku akinitukana kwa Kikamba. Siku ya tatu nilipofunua, majivu mapya yalikuwa yameoshwa pale pale. Si bomba lake. Nikaomba msamaha, akasema msamaha haunywewi, nikamnunulia soda.

Kuhusu lile shimo la mboga, ni shimo tu.

Hukunijibu la nyumba. Niliuliza.

Laban


Kamukuywa
6 Julai 1986

Laban,

Tuko salama. Mama anakusalimu, anasema koti likikuzidi likunje, usilikate. Ndama alikufa. Maharage tumevuna kidogo.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umejibu rangi, umejibu povu, umejibu mlima na Maingi na soda. Swali moja ulilitupa kwa maneno matatu. Laban, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Ukisema kitu ni kitu tu, najua kwamba ndicho chenyewe.

Chimba shimo la nne. Lichimbe katikati ya mrenda.

Usiniulize nimejuaje mambo ya majivu. Niliona maji yakifanya hivyo mahali fulani mwaka huu, na nilikuwa na muda wa kuyaangalia.

La nyumba tutazungumza.

Nangila


Buruburu
27 Julai 1986

Dada Nangila,

Nisalimie mama. Pole kwa ndama. Mimi mwili uko sawa, lakini moyo hapana.

Nilikaa na barua yako siku nane kabla sijashika jembe. Nilijua. Nafikiri nilijua tangu ile mistari ya majivu, wakati mzee alipochuchumaa. Ningeweza kusema hapo hapo, nikasema "yanatoka juu" na kunyamaza.

Nilichimba katikati ya mrenda. Niling'oa mzuri kabisa, wenye majani ya kujaza kiganja. Kina cha kiwiko nikagonga jiwe. Nikafikiri ni jiwe tu. Pembeni yake kulikuwa na jingine, na jingine, yamepangwa vizuri kama meno. Nilikuwa sijaingiza majivu hata kidogo, na maji yalikuwa tayari yanaingia kutoka kila upande, yanasukuma udongo wangu kama kitu kilichochoka kungojea.

Halikuwa shimo, dada. Lilikuwa mtaro. Maji ya zile safu tatu za nyumba hushuka chini ya ardhi mpaka kwa Maingi, yanapita chini ya ukuta, na mtaro ulikuwa unayashika na kuyapeleka kandokando hadi kwenye mfereji wa simiti unaotokea barabarani. Mwezi wa pili ni mkavu. Mimi niliona bonde la mawe na majani makavu, nikaona mahali pa mboga. Mtu wa kwetu akiona udongo hauna kazi hawezi kulala. Nikajaza toroli thelathini na tano nikijisifu. Mvua ilipokuja, maji yakafika mlangoni kwake yakakuta pamefungwa, yakalala kwenye nyasi.

Maingi alichungulia nikiwa nimesimama mle ndani hadi mapajani. Safari hii hakuniuliza samaki.

"Huo mtaro niliujenga mimi," akasema. "Mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa nashangaa uko wapi."

"Mbona hukusema?"

"Nilifikiri mzee aliuhamisha. Nani angefikiri mtu amepanda mboga kwenye koo la nyumba?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaangalia uso wangu, akaacha. "Mimi sijaona kitu, Askofu. Lakini huo mrenda unaong'oa leta huku. Nitajaribu kula chakula chenu chenye makamasi."

Nilizibua mtaro wote kwa siku tano. Maji yalitoka barabarani kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Siku ya sita nilitembea juu ya nyasi na viatu. Sehemu ya juu bado inabonyea, lakini inabonyea kama godoro, si kama uji.

Sasa sikiliza shida yangu. Mama Wangu hajui. Anajua tu kwamba nilitafuta maji kwa majivu nikayapata. Amewaambia kina mama wa kanisa kwamba ana mtu kutoka magharibi anayejua siri za ardhi. Wawili wamekuja kuniuliza kuhusu viwanja vyao. Mzee ameniongezea koti la pili. Kila wakinisifu najiona nimesimama tena mle ndani hadi mapajani. Nikisema ukweli, atakumbuka alichosema kuhusu chumba, na mtu aliyefukuzwa kwa kuharibu hapati kazi nyingine mtaa huu. Nikinyamaza, Maingi hatasema. Mtu anaweza kunyamaza na kitu kama hiki akaendelea kukaa vizuri?

Nijibu. Na mimi nimekueleza langu lote, sasa nieleze lako. Nyumba yangu ina nini?

Laban


Kamukuywa
10 Agosti 1986

Ndugu yangu,

Mama ni mzima. Mimi ni mzima. Hakuna mtu aliyeumia. Nakuambia hilo kwanza.

Nyumba yako ilianguka tarehe mbili Mei. Ilikuwa siku ya soko, mchana, sote tulikuwa sokoni. Tuliporudi ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini na paa limekaa juu yake kama kuku anayeatamia. Barua yako ya kwanza ilinikuta nikiwa natoa mabati.

Mabati yote ni mazima. Mlango ni mzima. Kitanda kilivunjika mguu mmoja.

Sikuelewa. Upepo haukuwepo, na ukuta ulikuwa wa miaka tisa tu. Nilitaka kujua kwa nini ianguke ile na si ya mama iliyo kongwe. Basi nikachimba kuzunguka msingi. Majivu yalikuwa ya mekoni kwako, yalimwagika kwenye shimo moja nilipokuwa nazoa, na kesho yake nikaona njia ndani yake. Nikapaka mengine kwa makusudi. Siku kumi nilikuwa nachungulia mashimo kama mwehu, majirani wakanipita wakizunguka. Ndivyo nilivyojua. Kila nilichokufundisha kuhusu nyasi za Mama Wangu nilijifunza katika nyumba yako. Iko kwenye mkondo, Laban. Uliijenga chini ili uwe karibu na barabara, na baba alikukataza.

Ningeweza kukuambia Mei. Ungeacha nyasi za watu ukaja mbio, ukakosa kazi, na kuja kwako kusingesimamisha ukuta. Nami siwezi kuisimamisha bila wewe. Unajua kwamba nguzo ya kwanza ya nyumba ya mwanamume katika boma la baba yake lazima aiweke mwenyewe. Wazee wamekataa hata nikusanye udongo.

Unauliza kama mtu anaweza kunyamaza na kitu. Anaweza. Mimi nimeweza miezi mitatu. Lakini njia ya kisimani inapita hapo, na tangu Mei nazunguka kwa akina Patrobas ili nisipaone. Naongeza hatua mia mbili kila debe la maji. Huo ndio unyamavu wangu. Wako sijui una hatua ngapi.

Nangila


Buruburu
31 Agosti 1986

Dada Nangila,

Nilikaa chini nilipoisoma. Sikukasirika. Nilikasirika kesho yake, nikang'oa magugu yote ya barabarani hata yasiyotuhusu, kisha ikaisha. Asante kwa mabati. Asante kwa kuniambia kwanza kwamba hakuna aliyeumia.

Nilimwambia Mama Wangu Alhamisi, siku mbili kabla ya wakwe. Alikuwa jikoni na sufuria sita. Nilisimama mlangoni nikiwa nimevua kofia.

"Mama, yale maji ni mimi niliyeyaleta."

"Umeyaleta? Kwani wewe ni mawingu?"

Nikamweleza mtaro, mboga, toroli thelathini na tano. Aliacha kukoroga. Wangu alikuwa anamenya viazi, naye akaacha.

"Yale magugu," akasema, "yalikuwa chakula?"

"Ndiyo, mama. Mrenda na saga."

"Miezi hiyo yote nikikuambia uyang'oe, unaniambia utayang'oa kesho?"

"Ndiyo, mama."

Akanitazama juu hadi chini, koti na yote. "Ungeniambia mwezi wa tano ningekufukuza siku hiyo hiyo. Ungetoka mbio hapo getini." Akaanza kukoroga tena. "Sasa mtaro uko wazi, na nikikufukuza atakuja mwingine anayependa mboga aufunge tena. Wewe angalau unajua ulipo. Toka, unaniunguzia nyama." Nikiwa nimefika nje akaita, "Na hao wanawake wa kanisa usiende kwao! Nitawaambia mwenyewe wewe ni mtaalamu wa nini!"

Amewaambia. Sasa wananicheka barabarani, na hayo ni malipo ya haki.

Jumamosi wakwe walikuja arobaini na kitu. Viti vya wazee tuliviweka upande wa geti, palipokauka kabisa. Shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye viatu vya visigino virefu, alikwenda upande wa juu kutazama maua, na kisigino kimoja kikazama hadi mwisho. Alisimama mguu mmoja akipiga kelele. Mzee Johnson, huyo mtu wa kimya, akasema kwa sauti mbele ya wote, "Laban, leta majivu." Watu wa nyumba waliangua kicheko, wageni wakacheka bila kujua kwa nini. Mazungumzo yakaenda vizuri. Wangu ataolewa Desemba.

Nimeomba ruhusa, nimepewa majuma mawili. Mama Wangu aliuliza ninakwenda kufanya nini, nikasema nyumba yangu ilianguka kwa maji. Akaniambia nisubiri, akanipa misumari ya Mzee kilo mbili. Nitafika Jumamosi ya mwisho wa Septemba.

Kabla sijafika, nifanyie jambo moja. Mahali pale pa juu karibu na mparachichi, ambapo baba alitaka nijenge, chimba mashimo. Kina cha kiwiko. Paka majivu, funika. Na nakuomba kwa jina la mama, usifunue. Mtu yeyote asifunue. Nataka kuangalia mwenyewe.

Laban


Kamukuywa
14 Septemba 1986

Laban,

Sote wazima, njoo na sukari.

Nimechimba manne. Nimepaka. Nimefunika kwa mabati yako mwenyewe na mawe juu. Jana mama alikwenda kuinua moja, nimemkuta ameinama. Nikakalia bati. Tulizozana hapo mpaka jua likatua. Anasema ana haki, ni boma lake.

Sijaangalia. Inanichoma, lakini sijaangalia.

Nangila